Rumande ya Ijumaa: kifungu cha 27 na haki ya mwananchi wa kawaida

Tangu Rais William Ruto atie sahihi marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni tarehe 15 Oktoba 2025, wanaoyapinga wamesikika vibaya. Redio za asubuhi kwenye matatu zinawataja kama watu wanaotaka ruhusa ya kutusi wenzao. Naona hoja yao haijaelezwa ipasavyo, na sehemu ya lawama ni yao. Wengi walikazania faini ya shilingi milioni 20 kana kwamba ni mpya, ilhali ipo tangu sheria ilipopitishwa 2018. Wabunge wakiwajibu hivyo, wanasema kweli.

Wabunge wana mengine ya kweli pia. Katika msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na baadhi ya mahubiri yaliyowavuta watu kule msituni yalisambaa mitandaoni. Kuna mtu anayelala na laini yake ya simu, akaamka wezi wameihamishia kadi yao na akiba yake imekwenda. Kuna msichana anayetumiwa vitisho usiku na mchana na mpenzi waliyeachana. Watu hawa wanahitaji sheria, tena inayofanya kazi. Kosa jipya la kuhamisha laini ya mtu bila idhini yake sina neno nalo.

Tatizo liko katika kifungu cha 27. Kinamtia hatiani anayemtumia mwenzake ujumbe unaomwathiri vibaya, au ujumbe wa kuudhi mno unaomgusa. Marekebisho yameongeza ujumbe unaoweza kumfanya mtu ajitoe uhai.

Hayo maneno ya kuudhi mno tulikwisha kukutana nayo. Yalikuwa katika kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, hadi Jaji Mumbi Ngugi alipokifuta Aprili 2016 kwa kuwa mwananchi hakuweza kujua kosa linaanzia wapi. Adhabu yake ya juu ilikuwa faini ya shilingi 50,000 au kifungo cha miezi 3, au vyote viwili. Miaka miwili baadaye maneno yale yale yakarejea katika sheria nyingine, na adhabu imekuwa shilingi milioni 20, au miaka 10 gerezani, au vyote viwili.

Hapo kwenye miezi 3 kuwa miaka 10 ndipo ningependa tukae kidogo. Watetezi wa sheria husema hakuna hakimu atakayemfunga mtu miaka 10 kwa sababu ya tusi. Huenda wako sawa. Lakini soma Katiba, kifungu cha 49(2): mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6. Kosa la zamani lilikuwa ndani ya mpaka huo. Aliyeshtakiwa kwalo alikuwa na haki ya kutoka mahakamani akaenda kwake, akangojea kesi akiwa nyumbani. Kosa la sasa limevuka mpaka huo mbali sana. Kwa hiyo ile miaka 10, hata isipotolewa na hakimu yeyote maishani, imekwisha kufanya kazi siku ya kwanza: imempa mwendesha mashtaka nafasi ya kuomba uzuiliwe, na dhamana imekuwa jambo la kubishaniwa.

Na hata kabla ya kufika kwa hakimu kuna hesabu ya saa 24. Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya muda huo, ila muda ukiishia siku ambayo mahakama imefungwa, unasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Kila mtu aliyewahi kusimama na kikapu cha chakula nje ya kituo cha polisi Nairobi Jumamosi anajua maana yake. Kijana mmoja mtaalamu wa programu, aliyetengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma maoni yao Bungeni kuhusu Mswada wa Fedha wa 2025, alikamatwa Ijumaa tarehe 30 Mei. Sikukuu ya Madaraka iliangukia Jumapili, Jumatatu ikawa sikukuu, akapandishwa kizimbani Jumanne. Alishtakiwa chini ya sheria hii hii ya 2018, ingawa kwa kifungu kingine, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 100,000. Tarehe 20 Juni mahakama ya Milimani ikasema mashtaka yale hayakuonyesha kosa lolote. Zile siku za seli hakurudishiwa.

Yeye alikuwa na mawakili na jina lake lilivuma. Sasa mfikirie mwanachama wa chama cha akiba cha akina mama mtaani Kayole, Nairobi, anayeandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mweka hazina amekula pesa zao. Mweka hazina ameathirika, hilo halina ubishi. Huenda tuhuma ni kweli, huenda si kweli, na kesi ya madai ingetosha kuamua. Lakini huyu mama akikamatwa, simu inachukuliwa kama kielelezo, na ndani ya simu hiyo ndimo M-Pesa yake na wateja wake wa mboga walimo.

Linganisha pia na kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo. Anayesambaza picha za faragha za mtu, kama za utupu, bila idhini yake, adhabu ya juu ni shilingi 200,000 au miaka 2, au vyote viwili. Yule msichana tunayeambiwa sheria imekuja kumlinda, picha zake zina uzito mdogo kuliko ujumbe wa kuudhi.

Wiki moja baada ya sahihi ya Rais, Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu za kifungu cha 27 ili kesi isikizwe. Bunge halihitaji kungoja jaji. Vitisho na kumwandama mtu vibaki na adhabu kali, na cha 37 kipandishwe. Maneno ya kuudhi, kama ni lazima yawe jinai, yashushwe yasizidi miezi 6, ili yule mama atoke mahakamani siku hiyo hiyo, arudi Kayole afungue kibanda chake, na kesi imkute huko.