Nilisema "Huu ni Wizi", Sikusema "Mwizi"

Najua habari yangu ya kwenye warsha imeshawafikia. Rafiki yangu ameirusha kwenye magrupu yote, na kwenye toleo lake mimi nilipanda juu ya meza. Sikupanda meza. Nilisimama tu, kiti kikaanguka chenyewe. Tena sikumwita mtu mwizi. Nilisema "huu ni wizi". Wanaojua sheria wataiona tofauti.

Ilikuwa warsha ya walimu kuhusu hakimiliki na nyenzo huria za elimu (zile za kufundishia ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia bure), na asubuhi yote niling'ara. Mwezeshaji hajamaliza swali, mkono wangu uko juu. Je, kazi ni lazima isajiliwe ndipo ilindwe? Hapana, mama, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hautaki usajili. Ukishaichora tu, ni yako. Leseni za Creative Commons, zile za kuwaruhusu wengine watumie kazi yako kwa masharti, zilitoka lini? 2002, mama, mwaka uleule ambao kikao cha UNESCO kilizipa nyenzo huria za elimu jina lake. Niliwajibia hata ambao hawakuulizwa. (Mnaocheka, ngojeni, bado.)

Basi akaweka slaidi ya mzunguko wa maji. Bahari, mlima, wingu, na jua lililovaa miwani ya jua. Damu ikanipanda. Mchoro ule ni wangu! Nani mwingine hulivisha jua miwani ya jua? Jua linajikinga na nini?

Hapo ndipo kiti kilipoanguka.

"Samahani, mama, huu ni wizi! Mchoro huo nimeuchora mimi kwa mkono wangu, na sikumbuki kuombwa ruhusa!"

Ukumbi ukazizima. Nikaongeza, kwa sababu mdomo wangu haujui breki, kwamba ni aibu kuja kutufundisha hakimiliki kwa kazi ya kuiba. Mtu akanipa maiki. Sijui ni nani, na nikimjua tutaongea.

Mwezeshaji hakukasirika. Angekasirika ningeshukuru. Akauliza kwa upole, "Mwalimu, majina yako kamili?"

Nikayataja yote matatu. Kwenye maiki.

Akaanza kwenda kwenye slaidi ya mwisho. Polepole, jamani. Slaidi moja, inayofuata, inayofuata. Projekta inanguruma. Nikaanza kuhisi kitu tumboni, lakini kidole changu kilikuwa bado kimenyooka kuelekea ukutani na sikujua nikirudishe vipi.

Slaidi ikatokea, na ukumbi ukaisoma kwa sauti kama darasa la kwanza. Jina la kazi: Mzunguko wa Maji. Mchoraji: majina yangu, yote matatu. Chanzo: tovuti ileile niliyoupakia mwenyewe. Leseni: CC BY 4.0.

Nikakumbuka. Siku ya kupakia kilitokea kidirisha cha kuchagua leseni, nami nikabofya ya kwanza ili kinitoke machoni. Leseni ile, mojawapo ya zile za Creative Commons, inaruhusu yeyote kunakili, kubadili, hata kuuza, mradi amtaje mwenye kazi. Na kweli, nilikuwa nimetajwa vizuri kuliko nilivyowahi kutajwa popote.

Ningekaa hapo, ingeisha. Lakini kiti kilikuwa chini, na leseni ile ina sharti jingine: ukibadilisha kazi ya mtu, useme umeibadilisha. Yule mama ni mtu wa kufuata masharti. Chini kabisa, kwa herufi nene:

"Mabadiliko: mshale wa mvua umegeuzwa. Katika mchoro wa awali mvua ilitoka baharini ikapanda mawinguni."

Walioanza kucheka ni wa sayansi. Wa historia waliomba kueleweshwa kwanza, wakaeleweshwa, nao wakacheka kivyao.

Nikasema, bado kwenye maiki (kwa nini hamkuniondolea maiki?), "Basi naifuta hiyo leseni." Akanieleza kwamba haifutiki. Naweza kuacha kuugawa mchoro wangu, ila anayeutumia kwa kufuata masharti nimeshampa ruhusa. Halafu akanihurumia: toleo la 4.0 linaniruhusu kuomba jina langu liondolewe. Ukumbi mzima ukasubiri uamuzi wangu. Nikauliza kama jina linaweza kubaki, uondolewe ule mstari wa mabadiliko. Hapana. Huo haumo katika vitu ambavyo mwenye kazi anaweza kuomba viondolewe.

Jina libaki, nikasema, nikaokota kiti.

Yaliyofuata hayana maana: nikaomba radhi, akacheka, tukapewa vyeti. Kwenye kazi za vikundi nilikaa kimya.

Sasa kuhusu ile picha aliyonipiga rafiki yangu, ya mimi na kidole. Nilimwambia aifute, ni sura yangu. Akanijibu kama nilivyokuwa nikijibu asubuhi: hakimiliki ni ya aliyepiga, si ya aliyepigwa. Nikamwambia leseni ya hakimiliki haigusi faragha ya mtu, akaniambia niende mahakamani. Nikashuka bei: basi kata hata kile kiti kilicholala nyuma yangu. Akasema haiwezekani, ameitoa kwa leseni isiyoruhusu mabadiliko. Ni uongo, mwenye kazi hafungwi na leseni aliyoitoa mwenyewe. Lakini nikiwaeleza hivyo mimi, nani kwenye lile grupu atanisikiliza?