Msituhesabie mashambulizi, tuhesabieni vifaa

Ukitaka kujua kama kampuni ina mpango wa kweli wa usalama wa mtandao, sera yake iache kabatini. Omba ripoti ya robo mwaka ambayo kitengo cha TEHAMA kinaipeleka kwa menejimenti, kisha tazama namba iliyoandikwa kubwa kuliko zote. Mara nyingi itakuwa ya "mashambulizi yaliyozuiwa": laki nne, au milioni moja na ushee, na mshale mwekundu unaopanda. Mkurugenzi anaguna, mhasibu mkuu anauliza kama bajeti ya mwaka jana haikutosha, kikao kinahamia kwenye ajenda ya magari.

Kwa mtu anayetaka kuboresha kitu, namba hiyo haina kazi. Inahesabu juhudi za adui, sisi haitugusi. Kuna mashine zinazogonga kila anwani ya intaneti usiku na mchana, iwe ya benki au ya duka la vipuri Kariakoo, na kugonga huko kukiongezeka au kukipungua hakuna mtu ofisini kwenu aliyefanya vizuri wala vibaya. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa takwimu za vitisho vya mtandaoni kila robo mwaka. Hufika mamia ya mamilioni, na kuna robo iliyovuka bilioni mbili. Kwa taifa linalotaka kujua upepo unavuma kutoka wapi, sawa. Kwa kampuni yenye wafanyakazi mia mbili, kuiga ripoti ya namna hiyo ni kujipamba.

Ugonjwa wa pili ni lengo la aina ya "kuimarisha usalama wa mtandao ifikapo Desemba". Kuimarisha kutoka wapi hadi wapi? Lengo hilo haliwezi kushindwa, na nadhani ndiyo sababu linapendwa. Desemba ikifika kitanunuliwa kifaa kipya, kitapigwa picha kikiwa bado na nailoni yake, na kwenye jedwali itawekwa alama ya vema. Mimi lengo nalipima kwa swali moja: je, siku ikifika, mtu anaweza kusema "hatukufika" na asiwepo wa kumbishia?

Namba peke yake nayo haitoshi. Kisa cha Equifax ya Marekani, kampuni inayotunza taarifa za mikopo ya watu, kinafundisha kuliko semina nyingi. Machi 2017 ilitangazwa kwamba Apache Struts, programu inayotumika kujengea tovuti, ina mwanya mbaya, na kiraka cha kuuziba kilikuwa tayari. Equifax walikuwa na sera inayoeleweka: mwanya wa hatari kubwa uzibwe ndani ya saa 48. Machi 9 barua pepe ya kuwataka wahusika wazibe ikasambazwa. Machi 15 mifumo ikakaguliwa kwa programu ya kutafuta mianya, ikarudi mikono mitupu. Katikati ya Mei wadukuzi wakaingia kwa mwanya uleule, kupitia tovuti ya kupokelea malalamiko ya wateja, wakakaa humo mpaka mwisho wa Julai. Wakaondoka na taarifa za watu takriban milioni 147. Muda wote huo kifaa cha kukagua mawasiliano kilikuwa kimewashwa lakini hakioni, kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimekwisha muda. Kilipohuishwa ndipo wizi ukaonekana.

Lengo, basi, lilikuwepo, na lilikuwa na namba na muda. Kilichokosekana ni kujua hizo saa 48 zinahesabiwa juu ya mashine zipi. Uchunguzi wa Seneti ya Marekani uliotolewa 2019 ulionyesha kuwa kampuni haikuwa na orodha kamili ya mali zake za TEHAMA. Mtu akikwambia "tumeziba asilimia 98", muulize: asilimia 98 ya nini?

Ndiyo maana lengo ninalotaka kampuni yoyote ianze nalo halivutii hata kidogo. Ifikapo tarehe fulani, kila kifaa kinachopewa anwani na mtandao wetu kiwe na jina, mahali kilipo na mtu wa kuulizwa. Kipimo chake ni idadi ya vifaa visivyojulikana, na lengo ni kuishusha kila mwezi mpaka ikaribie sifuri. Vifaa vya kupimia mnavyo tayari. Ingia kwenye ruta ya tawi, fungua orodha ya vilivyopewa anwani, kaa na meneja wa tawi mvitambue kimoja kimoja. Kompyuta za kaunta, sawa. Printa, sawa. Simu za wafanyakazi kumi na kitu, hayo tutayazungumza. Halafu kuna kimoja hakuna anayekijua. Unafuata waya kutoka kwenye swichi, unapanda nao darini, unashuka nao stoo, na nyuma ya maboksi ya risiti za miaka iliyopita unakuta kinasa picha cha kamera za ulinzi, kimejaa vumbi, taa ya kijani inapepesa. Fundi aliyekifunga hapatikani kwa simu. Nenosiri ni lilelile la kiwandani, limeandikwa kwenye stika chini ya kifaa. Na kiko kwenye mtandao mmoja na mfumo wa mauzo.

Tusidhani hilo ni jambo dogo la stoo. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilikusanya mamia ya maelfu ya kamera, vinasa picha na ruta za namna hiyo kwa kujaribu tu majina na manenosiri ya kiwandani. Oktoba 21 mwaka huo vifaa vilivyonaswa hivyo vikaizidi nguvu kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na watu wengi Marekani wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye kamera hizo hawakujua kwamba nao wamo vitani.

Ukishajua una nini, sasa unaweza kuzungumzia muda. Sipendi lengo la "mifumo yote isasishwe kila mwezi", maana halitofautishi mwanya wa kinadharia na mwanya ambao watu wanaibiwa nao leo. Tangu Novemba 2021 wakala wa Marekani wa usalama wa mtandao, CISA, huchapisha bure orodha ya mianya ambayo tayari inatumiwa na wadukuzi, na idara za serikali yao ya shirikisho hupewa tarehe ya mwisho ya kuiziba, kwa kawaida wiki mbili hadi tatu. Orodha hiyo inasomeka Mwanza sawasawa na Washington. Chukua tarehe mwanya ulipoingia kwenye orodha, chukua tarehe mashine yenu ya mwisho ilipozibwa, toa. Hesabu ya darasa la tatu. Kama leo jibu ni siku 60, andikeni kwamba Juni litakuwa siku 30 na Desemba siku 14, na jina la mtu mbele yake.

Nimesema mashine ya mwisho, na nimekusudia. Wastani ni namba ya kubembelezea bodi. Kiraka cha mwanya uliotumiwa na kirusi cha WannaCry kilitolewa na Microsoft Machi 14, 2017. Kirusi kikalipuka Mei 12, siku 59 baadaye, na hospitali za Uingereza zikaanza kuwarudisha wagonjwa. Kampuni iliyokuwa na wastani mzuri wa siku 20 lakini ikasahau seva moja kwenye kona haikulindwa na wastani wake.

Kuna kimoja ambacho wala hakihitaji mjadala: akaunti zinazoingia kwenye mtandao wa kampuni kutoka nje bila uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na kitu cha pili kama namba inayotumwa kwenye simu. Lengo ni sifuri, mwezi huu. Mei 2021 bomba la mafuta la Colonial, linalolisha mashariki ya Marekani, lilifungwa baada ya wadukuzi kupita kwenye akaunti moja ya VPN, njia ya kuingilia mtandao wa kampuni ukiwa nje, isiyokuwa na ulinzi huo. Tusonge mbele.

Bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Ripoti ya asubuhi inasema "bakapu imekamilika", rangi ya kijani, kila mtu ametulia. Hiyo inakwambia kwamba data imeandikwa mahali fulani. Haikwambii kama inarudi. Juni 27, 2017 kirusi cha NotPetya kilipoikumba Maersk, kampuni kubwa ya meli za mizigo, seva zake za kusimamia utambulisho wa watumiaji zilifutika karibu dunia nzima. Data nyingine zilikuwa na bakapu. Zile seva zilikuwa zimepangwa ziwe bakapu ya zenyewe kwa zenyewe, na hakuna aliyekuwa amefikiria siku ambayo zote zitaondoka pamoja. Iliyopona ilikuwa moja, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ikawa haiko mtandaoni. Baadaye mwenyekiti wa bodi alieleza kuwa walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi. Hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 300. Sisi tunaoishi na mgao wa umeme tunaweza kucheka kidogo hapo, lakini kukatika kwa umeme hakuandikwi kwenye mpango kazi.

Lengo la bakapu liwe la saa. Kila robo mwaka, chukueni mashine tupu, mrudishe mfumo wa mishahara au wa mauzo kutoka kwenye bakapu, mtu wa uhasibu aufungue na athibitishe kwamba salio la jana lipo. Tangu kuanza mpaka hapo zimepita saa ngapi? Mara ya kwanza itakuwa aibu, pengine siku mbili. Vizuri. Sasa mna pa kuanzia, na mnaweza kumuuliza mkuu wa mauzo anaweza kuvumilia saa ngapi bila mfumo. Namba atakayoitaja yeye ndiyo lengo, TEHAMA wasijipangie.

Kwenye barua pepe za ulaghai nitagombana na wengi. Kampuni nyingi hupima asilimia ya wafanyakazi wanaobonyeza kiungo kwenye barua ya majaribio inayotumwa na kampuni yenyewe. Nipe jukumu hilo nami nitakuletea asilimia yoyote unayoitaka. Barua ya "umeshinda iPhone" watabonyeza wachache. Barua ya "orodha ya bonasi ya mwaka huu" watabonyeza mpaka wakurugenzi. Mbaya zaidi, ukimtangaza aliyebonyeza, kesho akibonyeza ya kweli atanyamaza. Pimeni dakika zinazopita tangu barua ya ulaghai iingie mpaka mtu wa kwanza atoe taarifa, na mteremshe dakika hizo. Dada wa mapokezi anayepiga simu ndani ya dakika tano amewafanyia kazi kubwa kuliko vifaa vingi mlivyonunua, na apewe chai. Kwa walioko Kenya hili lina uzito wa kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ulipogundua uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wahusika. Saa hizo ni chache kwa kampuni ambayo taarifa huchukua wiki kupanda ghorofa.

Sasa tahadhari kwa mabosi, maana najua kitakachofuata. Mkishapata namba mtataka kuzifunga kwenye bonasi. Kumbukeni kwamba njia rahisi ya kufikisha asilimia 95 ya mashine zilizozibwa ni kuziondoa kwenye orodha zile zilizoshindikana. Hakuna atakayekuwa amesema uongo. Seva ya zamani itahamishiwa tu kwenye kundi la "zinazosubiri kustaafishwa" na itastaafu humo miaka mitatu. Kwa hiyo orodha ya vifaa asiishike yuleyule anayepimwa kwa kuvisasisha. Mpeni mhasibu wa mali. Yeye tayari ana daftari la mali za kudumu, anajua laptopu ngapi zililipiwa, na hana sababu ya kuficha hata moja. Wekeni daftari lake na orodha ya TEHAMA mezani, mhesabu tofauti. Tofauti hiyo iwe ndiyo namba kubwa kwenye ripoti ijayo.