Makaburi ya Thogoto ni sehemu ya kanisa

Juzi mtu mmoja, tena muumini wa miaka mingi, aliniambia kwamba makaburi ya zamani ya misheni ya Wascotland pale Thogoto, karibu na Nairobi, yamekalia ardhi bure. Maneno hayo yalinichoma, na sitayanyamazia.

Church of the Torch, lile kanisa la mawe la Thogoto lililojengwa kati ya 1928 na 1933, halihitaji wa kulitetea. Ni zuri, nakubali, ingawa wanaolisifu husahau upesi kwamba kuta zake zilipanda wakati mgogoro wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana, ambayo wamisionari waliipinga, ukiwaondoa washarika wengi kanisani. Hata hivyo, jengo husimulia kilichofanikiwa. Gharama yake imeandikwa makaburini.

Mmisionari Thomas Watson aliihamisha misheni kutoka Kibwezi, ambako homa iliwaua wenzake kadhaa, akafika Dagoretti, jirani na Thogoto, mwaka 1898, ukame, njaa na ndui vilipokuwa vikianza kuwaangamiza Wakikuyu. Mchumba wake, Minnie, alimfuata mwaka 1899 wakaoana, na mwaka uliofuata nimonia ikamchukua Thomas. Mjane huyo angepanda meli akarudi kwao Scotland, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki, akafundisha watoto wa Wakikuyu hadi 1931, na alipofariki 1949 majivu yake yaliletwa Thogoto yakazikwa kando ya mumewe. Ni jengo gani litakalotuambia hayo?

Tena lipo jambo zito zaidi. Kabla ya misheni, Mkikuyu wa kawaida hakuzikwa. Maiti yake iliachwa porini, na kaburi lilikuwa heshima ya wazee wachache wenye mali. Imani mpya iliposema kwamba mtoto, mjane na maskini nao watalazwa ardhini kwa jina na kwa sala, iligusa maisha ya watu kwa undani ambao hakuna mnara wa kanisa unaoweza kuufikia. Anayetaka kujua Ukristo ulibadilisha nini Kikuyu, basi aanzie makaburini.

Sikatai kwamba wamisionari walikalia ardhi ya wenyeji, wala kwamba maelfu waliokufa kwa njaa ile hawana hata jiwe. Hiyo ni sababu nyingine ya kutopoteza ushahidi mchache tulio nao.

Mawe ya zamani huliwa na kuvu na mvua, herufi moja baada ya nyingine, na hayafai kusuguliwa kwa brashi ya waya wala asidi. Vijana wa kanisa waende asubuhi au jioni, jua linapolipiga jiwe kwa ubavu na maandishi hafifu yakaonekana, wapige picha kila kaburi na kunakili kila neno. Wazee wa kanisa watunze daftari hilo, na nakala yake ipelekwe Nyaraka za Taifa.