Asilimia 80 na kazi iliyojificha nyuma yake

Mgawanyo wa mapato wa OnlyFans, jukwaa la mtandaoni la Uingereza lililoanzishwa mwaka 2016 ambako watu huuza picha na video zao, nyingi za ngono, ni mwepesi kuukumbuka: katika kila dola 100 anazolipa mteja, 80 ni za mwenye akaunti na 20 za kampuni. Kwa mwigizaji wa filamu za ngono aliyezoea kulipwa na studio mara moja tu, kisha filamu ikauzwa miaka na mikaka bila yeye kuona senti nyingine, haya ni mapinduzi. Anapanga bei mwenyewe na hakuna studio ya kumlazimisha tendo asilolitaka. Tena studio zenyewe zilikuwa hoi tangu tovuti za video za bure zishike kasi kuanzia mwaka 2007. Kumrudisha mteja kwenye kulipa hakukuwa jambo dogo.

Ila je, hizo 80 zinamfikia nani? Mwaka wa hesabu wa 2024 wateja walilipa takriban dola bilioni 7.2, na akaunti za wauzaji zilikuwa milioni 4.6. Ondoa fungu la kampuni, gawanya kilichobaki kwa akaunti zote: kama dola 1,250 kwa mwaka, kabla ya kodi. Zimo akaunti zilizotelekezwa, sawa, lakini wamo pia vigogo wachache wanaouvuta wastani huo juu.

Kinachowashinda wengi si kamera. Jukwaa halikuletei wateja. Unawatafuta mwenyewe X, Reddit au Instagram, na huko nako, hasa Instagram, akaunti yako inaweza kufungwa wakati wowote kwa kuonekana inatangaza ngono. Ada ya mwezi huanzia dola 4.99, na wengine hawatozi kitu. Fedha nono zimo kwenye ujumbe wa faragha: video inayofunguliwa kwa malipo ya ziada, bakshishi, maombi maalumu. Yaani kinachouzwa hasa ni mazungumzo, na mteja hulipa ili ajibiwe.

Mtu mmoja hawezi kujibu mamia ya wateja usiku na mchana, ndipo mawakala wanapoingia. Huweka watu wa zamu wanaochati kwa jina la mwigizaji, na mteja anaamini anaongea naye mwenyewe. (Udanganyifu huu unajadiliwa kidogo mno, pengine kwa sababu wachache wana hamu ya kumtetea mteja wa aina hiyo.) Wakala akichukua nusu ya zile 80, mwigizaji anabaki na 40. Akichukua nusu ya mapato yote kabla ya makato ya jukwaa, zinabaki 30. Sentensi hiyo moja ya mkataba ndiyo ya kusomwa kwanza. Ya pili ni inayosema barua pepe na nywila za akaunti zinashikwa na nani, maana asiyezishika hana namna ya kuondoka. Mteja naye akiiambia benki kwamba hakuidhinisha malipo, fedha inayorudishwa hukatwa kwa mwigizaji.

Studio imeondoka, lakini bosi yupo: ni benki na kampuni za kadi. Agosti 2021 OnlyFans ilitangaza kupiga marufuku maudhui ya ngono ya wazi, ikazitaja benki kuwa ndizo chanzo, kisha ikaghairi ndani ya wiki moja. Watu walioacha kazi nyingine kwa ajili ya jukwaa hilo hawakuwa na sauti katika uamuzi wowote kati ya hiyo miwili.

Hata hivyo, shinikizo hilohilo limeleta ulinzi ambao soko lisingeujali. Desemba 2020, Visa na Mastercard zilipositisha malipo kwenye Pornhub, tovuti ya video za ngono, tovuti hiyo iliondoa mamilioni ya video za watu wasiothibitishwa. Kuanzia Oktoba 2021 Mastercard inadai uthibitisho wa umri, utambulisho na ridhaa ya kila anayeonekana, pamoja na malalamiko kushughulikiwa ndani ya siku saba za kazi. Udhaifu umo kwenye utekelezaji. Machi 2025 Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, iliitoza kampuni mama ya OnlyFans faini ya pauni milioni 1.05 kwa kutoa taarifa zisizo sahihi: ilisema mfumo wa kukadiria umri kwa sura unadai uthibitisho zaidi kwa yeyote anayeonekana chini ya miaka 23, kumbe ulikuwa umewekwa 20.