Betri Isiyo na Mnunuzi

Nenda Katwe, Kampala, uulize bei ya kilo ya shaba, utajibiwa papo hapo. Uliza nani ananunua betri ya simu iliyovimba, utaangaliwa tu. Nadhani hapo ndipo pa kupimia kama kurejeleza simu, yaani kuchakata simu mbovu ili vilivyomo vitumike tena, nchini Uganda kunayafaa mazingira au kunaifaa biashara ya vyuma chakavu pekee.

Wanaotetea vituo rasmi vya kurejeleza wana hoja nzito. Tani moja ya simu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya mgodini, lakini simu hizo hizo zina plastiki na metali ambazo zikichomwa hutoa sumu. Anayechoma nyaya ili apate shaba huuvuta moshi yeye kwanza, kisha jirani zake. Mvua ikinyesha, majivu huingia mferejini. Mfereji wa Nakivubo unaishia Ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria, si mbali na Ggaba ambako jiji linachota maji ya kunywa. Ndiyo maana wanasema kazi hii iachiwe kituo cha taifa cha taka za kielektroniki kilichozinduliwa Kampala mwaka 2021.

Mafundi simu nao wana lao. Uchafuzi mwingi wa hewa utokanao na simu hutokea migodini na viwandani, kabla simu haijafika dukani. Kuiyeyusha kunarudisha metali. Nishati iliyotumika hairudi. Kwa hiyo fundi aliyebadilisha kioo, simu ikaishi miaka miwili zaidi, ameyafanyia mazingira kazi kubwa kuliko tanuri lolote. Hoja hii naikubali, na inasikitisha kwamba wapanga sera huikumbuka mwisho.

Ila simu itakufa tu siku moja, na fundi hana pa kupeleka mabaki isipokuwa jaani. Jaa la Kiteezi, linalopokea taka za Kampala, lilipoporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, tuliona taka za jiji zinavyorundikwa pamoja bila kutenganishwa.

Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki. Zilizokusanywa na kurejelezwa rasmi ni asilimia 22.3, barani Afrika hazifiki asilimia 1. Kinachokwama kwetu, basi, ni ukusanyaji. Hakuna atakayepanda basi kutoka Gulu, kaskazini mwa nchi, kuleta simu mbovu bure.

Wengine wanalalamika kwamba kupeleka bodi za simu, yaani vibao vya ndani vyenye saketi na metali, Ulaya ni kuuza utajiri wetu. Mimi sioni kosa, kwa sababu mtambo unaoyeyusha bodi na kunasa sumu zake unahitaji shehena kubwa mno. Kosa ni kusafirisha bodi na kutuachia betri.

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inatambua wajibu wa mwenye kuingiza bidhaa hata baada ya bidhaa hiyo kutumika. Atozwe, basi. Wapinzani wanasema bei itapanda na mnyonge ndiye atakayeumia, tena magendo yatashamiri. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo tozo ianzie kwenye simu mpya za bei ghali, na fedha zake zimlipe fundi kwa kila betri anayoisalimisha, iwe Gulu au Mbarara, kama anavyolipwa muuza shaba pale Katwe.