Usaili wa fundi elektroniki: aulizwe au apewe bodi?

Waajiri wa mafundi elektroniki wamegawanyika. Wapo wanaomkalisha mwombaji, wakamuuliza kanuni ya Ohm na kukagua cheti chake cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi Tanzania, au cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa walioko Kenya. Wengine wanamkabidhi bodi mbovu, mita na pasi ya kulehemu, kisha wanatazama saa. Karakana nyingi ndogo zinaamini njia ya pili haidanganyi. Inadanganya pia, hasa hiyo saa.

Chukua bodi ya pawasaplai ya televisheni iliyokata fyuzi. Mwombaji wa kwanza anaweka fyuzi mpya, anachomeka, pa! Imekatika tena. Wa pili hachomeki kitu. Anajua volti 230 zikishapita kwenye daiodi nne zinakuwa kama volti 325 za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, na kwamba kapasita kubwa inaweza kubaki nazo hata plagi ikichomolewa. Anaipunguza chaji kwa rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 5, anahakiki kwa mita, ndipo anapima zile daiodi, kisha mosfeti, ile transista inayowasha na kuzima umeme huo, kati ya miguu yake ya drein na sosi. Mita ikisoma karibu na sifuri hata akigeuza nyaya, mosfeti imepiga shoti. Bado hajatoa kipuri. Anapima rezista ndogo iliyo kwenye mguu wa sosi, ile isiyofika omu 1, maana mara nyingi huondoka pamoja na mosfeti, na kuikagua IC, ile chipu inayoiendesha mosfeti. Akiruka hatua hiyo, mosfeti mpya inaweza kufa papo hapo. Mwisho, akishabadilisha vilivyokufa, mahali pa fyuzi anaunga balbu ya zamani ya wati 100, si ya LED: ikimulika mara moja na kufifia, aendelee, ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti bado ipo.

Kwa dakika 30 huyu wa pili huenda asimalize. Mbahatishaji anayebadilisha kila kapasita iliyovimba anaweza kuiwasha bodi kwa dakika 10, kama ubovu ulikuwa hapo tu. Ndiyo maana maksi ziende kwenye mpangilio wa vipimo. Mpe karatasi aandike: nimepima wapi, nimepata ngapi, nilitegemea ngapi. Safu hiyo ya tatu ndiyo inayomtenga fundi na mbahatishaji.

Maswali ya mdomo nayo yana thamani yake, yakiwa ya kazi, mfano kuhusu 7805, regileta inayoshusha umeme hadi volti 5. "7805 inatoa volti 3.8, utaanzia wapi?" Anayejibu "nabadilisha 7805" amejieleza. Jibu zuri linaanzia upande wa kuingilia, mzigo ukiwa umeunganishwa: regileta hiyo inahitaji takriban volti 7 ili itoe 5, kwa hiyo ikipata 5.8 kosa liko kabla ya umeme kuifikia. Kama inapata 12 na mzigo unavuta ampea 0.5, inageuza wati 3.5 kuwa joto. Bila bati la kupoozea itapunguza yenyewe umeme inaoutoa.

Tatizo la maswali ni lugha. Fundi aliyekulia kwenye meza za Kariakoo anaweza kujua haya yote kwa mikono, akakwama kwa sababu ameulizwa kwa Kiingereza cha darasani. VETA yenyewe hutathmini mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, kwa hiyo mwajiri hana sababu ya kuwafungia mlango. Muulize kwa Kiswahili, na umruhusu achore.

Mgawanyo unaofaa, kwa maoni yetu, ufuate hatari. Mambo ya volti 325 yaulizwe kwa mdomo, maana hujui bado kama huyu mtu anaheshimu kapasita. Mezani iwekwe bodi ya volti 12 kutoka boksi la skrepa, yenye ubovu mliouweka wenyewe: rezista iliyonyanyuliwa mguu mmoja, au daiodi iliyogeuzwa. Bodi ya mteja isiguswe kabisa. Mwombaji akiitengeneza, ofisi imepata kazi ya bure. Akiiunguza, mtaanza kubishana nani alipe kabla hata hajaajiriwa.