Sefania 3:17: Furaha ya Mungu ni ya Nani?

Katika kitabu kizima cha Sefania, aya inayopendwa na wengi ni moja: "BWANA, Mungu wako, yu katikati yako shujaa awezaye kuokoa, atakushangilia kwa furaha kuu, atatulia katika upendo wake, atakufurahia kwa kuimba." Watu kumwimbia Mungu tumekuzoea, Zaburi zimejaa hilo. Mungu kuwaimbia watu ni jambo la kutafuta kwa tochi. Ndiyo maana aya hii inasomwa harusini na msibani, na kutumwa kwa simu kwa mgonjwa aliyelazwa.

Kuna waalimu wa Biblia wanaolipinga zoea hilo, na hoja yao ina uzito. Sefania alitabiri siku za Yosia, mfalme wa Yuda aliyetawala takriban mwaka 640 hadi 609 KK. Kitabu chake kina aya 53. Wimbo wa furaha unaanzia 3:14, na kabla ya kuufikia umeshapita aya 46, nyingi zikiwa za kutisha: Mungu atavifagilia mbali vyote juu ya uso wa nchi, ataichunguza Yerusalemu kwa taa awapate wale wanaosema moyoni kwamba Yeye hatendi mema wala mabaya. Wanaopinga wanauliza: nani ametupa ruhusa ya kuruka yote hayo na kudokoa utamu wa mwisho?

Mfano wao mkubwa ni Hanania, katika Yeremia 28. Mnamo mwaka 594 KK hivi, wakati wa mfalme Sedekia, nabii huyo alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa, vyombo vya hekalu vitarudi na mateka watarudi. Akaichukua nira iliyokuwa shingoni mwa nabii Yeremia, ishara ya utawala wa Babeli, akaivunja mbele ya makuhani na watu wote. Ilikuwa faraja tupu, tena kwa jina la BWANA. Miaka michache baadaye, karibu mwaka 587 KK, Yerusalemu iliteketezwa. La kushangaza ni kwamba mambo aliyoyaahidi yalikuja kutokea: mwaka 539 KK Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli, kisha akaruhusu watu kurudi, na vyombo vikarudishwa. Kosa la Hanania lilikuwa kuwapa faraja hiyo watu wasiotaka kuacha walichokuwa wakitenda. Yeremia alikuwa amekwisha kuwalaumu wa namna yake: "Wameiponya jeraha ya watu wangu kwa juu-juu tu."

Upande wa pili, wanaoitumia aya hii kufariji, nao haujakaa mikono mitupu. Kitabu cha Maombolezo kinaonyesha mji uliokwisha kupigwa, na sura yake ya kwanza inarudia tena na tena kilio kilekile, kwamba Sayuni, yaani Yerusalemu, hana wa kumfariji. Kilio hicho kinajibiwa na Isaya 40: "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo, watu wangu." Sauti hiyo haianzi kwa kuwasomea walioanguka makosa yao upya. Inasema adhabu imekwisha kulipwa, tena maradufu. Ukimwendea mtu aliyefukiwa na kifusi ukamhubiria hukumu ya Sefania sura ya kwanza, umemwongezea kifusi.

Wayahudi wenyewe wana utaratibu unaofaa kutazamwa hapa. Baada ya mfungo wa tarehe 9 ya mwezi wa Av, siku ya kukumbuka kuangamizwa kwa Hekalu, husomwa masomo ya faraja kutoka Isaya kwa Sabato saba mfululizo, la kwanza likiwa hilo la sura ya 40. Sabato tatu kabla ya mfungo husomwa maneno ya karipio. Kwa hiyo karipio halikuachwa. Limepewa wakati wake, na faraja ikapewa muda mrefu zaidi. Tena kati ya magombo ya Bahari ya Chumvi, yaani hati za kale za Wayahudi, kuna moja lililokusanya aya za faraja, hasa za Isaya, mahali pamoja. Kuzichambua aya za namna hii na kuziweka peke yake si uzushi wa wahubiri wa leo. Ila hata gombo hilo, katika vipande vilivyosalia, linamlilia Mungu kwa sababu ya damu iliyomwagwa kabla ya kuzinukuu faraja zenyewe.

Binafsi naona pande zote mbili zinabishana juu ya urefu wa nukuu, na Sefania ana swali zito kuliko hilo: nani anaimbiwa? Soma sura ya tatu tangu mwanzo. Wakuu wa mji ni simba wangurumao. Waamuzi ni mbwa-mwitu wa jioni. Manabii ni wadanganyifu, makuhani wamepatia patakatifu unajisi na kuivunja sheria. Kisha katika aya ya 11 na 12 Mungu anaahidi kuwaondoa wenye kiburi na kubakiza watu walio wanyonge na maskini. Binti Sayuni anayeambiwa aimbe ni mji huo uliokwisha kuondolewa simba wake. Na aya ya 19 inawataja wengine: achechemeaye ataokolewa, aliyefukuzwa atakusanywa, na waliotahayarishwa watapata sifa.

Kwa hiyo mhubiri anayempa aya ya 17 hakimu mla rushwa ampoze dhamiri yake anamfanyia Sefania kile Hanania alichowafanyia watu wa Yerusalemu. Lakini anayemnyima mjane aliyedhulumiwa shamba, kwa sababu eti "muktadha hauruhusu", hajausoma huo muktadha. Mjane huyo ndiye aliyeliwa na mbwa-mwitu wa aya ya 3, na wimbo umetungwa kwa ajili ya watu kama yeye. Tusisahau pia kwamba jina lililoandikwa pale ni Sayuni. Mkristo anayejipa ahadi hii huku akiwaona Wayahudi wamefutwa kwenye barua waliyoandikiwa wao kwanza, anasoma kwa uchoyo.

Wapo wataalamu wanaosema aya za mwisho za kitabu ziliongezwa wakati wa uhamisho au baadaye, kwa kuwa zinazungumzia kukusanywa kwa waliotawanywa. Inawezekana. Ila Samaria ilikuwa imeanguka mikononi mwa Waashuri tangu mwaka 722 KK hivi na watu wake wakahamishwa, kwa hiyo hata nabii wa siku za Yosia hakuhitaji kubuni waliotawanyika.

Linalonisumbua zaidi ni Kumbukumbu 28:63, inayosema kwamba kama BWANA alivyofurahi kuwatendea mema, ndivyo atakavyofurahi kuwaangamiza. Furaha ileile, upande mwingine! Ezekieli 33:11 inasema Mungu hafurahii kufa kwake mtu mwovu, na Maombolezo 3:33 kwamba hapendi moyoni mwake kuwatesa wanadamu. Siwezi kuzilainisha aya hizi ziwe neno moja. Ninachokiona ni kwamba manabii, baada ya maafa kutokea kweli, hawakumchora Mungu akishangilia magofu. Yeremia 31 inamwonyesha Raheli, mama wa kale wa Israeli, akiwalilia watoto wake, akikataa kufarijiwa. Mungu hamkemei kwa kukataa, wala hamwambii anyamaze kwa sababu Yeye ni mwema. Anapomwambia azuie kilio, anampa sababu ya kuyafuta machozi: watoto watarudi kutoka nchi ya adui.